Ala Imesoma Milimita 6: Kagua Picha Kabla Hujaita Gari la Rufaa

"Daktari, mwanangu kapata ajali ya bodaboda, kagonga kichwa. Mbona mnampima jicho?"

Aliyeuliza ni mama mmoja wa Pasua, saa nane za usiku, kanga mbili mabegani na simu imewashwa tochi mkononi. Mimi si daktari, ni mpimaji wa altrasaundi, ila usiku kila aliyevaa koti jeupe ni daktari na hakuna muda wa kusahihishana. Nikamuuliza kwao ni wapi. Kibosho, kwenye mifongo, yaani ile mifereji ya kumwagilia mashamba. Basi nikajua pa kuanzia. "Mama, mfongo ukizibwa kule chini, maji yanaenda wapi?" Akajibu bila kufikiri: "Si yanarudi, yanajaa kwenye vimfereji vya pembeni."

Ndivyo ilivyo hata kichwani. Ubongo umekaa ndani ya maji, wataalamu huyaita ugiligili. Maji hayo hayaishii kwenye ubongo. Yanaifuata neva ya jicho ndani ya ala yake, kama vile panga linavyokaa ndani ya ala, mpaka nyuma kabisa ya jicho, na pale njia imekufa. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Shinikizo likipanda ndani ya fuvu, maji yanasukumwa kwenye kale kamfereji kasiko na pa kutokea, na ala, ambayo ni utando tu, inavimba. Tunachopima ni unene wa ala hiyo.

Ninayoandika hapa ni kwa wapimaji wenzangu, matabibu na manesi wa zamu, wale wenye mashine ya altrasaundi mkononi huku CT skani iko Moshi mjini au Arusha na wao wako mbali nayo. Kipimo chenyewe kinachukua dakika chache na hakina mionzi. Tatizo ni kwamba tunahesabu milimita, na kosa la nusu milimita linatosha kumgeuza mzima kuwa mgonjwa au mgonjwa kuwa mzima. Kwa uzoefu wangu, namba ya ajabu ikitokea, kosa liko kwenye picha kabla halijawa kwa mgonjwa. Kwa hiyo naanza na yanayoonekana kwenye skrini.

Yasiyosubiri

Jicho linaloshukiwa kupasuka usiliweke probu, yaani kile kichwa cha mashine tunachoshika mkononi. Mboni iliyovutika pembeni kama tone la maji, jicho lililobonyea, kitu kilichochoma na bado kimo: funika kwa kikinga kisicholigusa jicho, ita mtu wa macho, achana na milimita.

La pili, nguvu ya mashine. Chagua mpangilio wa jicho. Kama mashine haina, punguza nguvu ya kutoa mawimbi mpaka kiashiria cha MI (cha mtikiso wa mawimbi) kisizidi 0.23 na TI (cha joto) isizidi 1.0. Namba hizo ziko kwenye kona ya skrini na wengi wetu hatujawahi kuzitazama, kwa sababu tumbo halidai. Jicho linadai. Ukishapata picha, igandishe upime, usikae unalimulika jicho la mtu huku unajibu simu.

La tatu, mkono usielemee. Jicho likibonyezwa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka na mgonjwa akatapika. Na mapigo kushuka ni mojawapo ya dalili za shinikizo la kichwani. Utakuwa umejitengenezea dalili mwenyewe kisha ukaanza kuitafutia sababu.

Picha iliyo sawa

Mgonjwa amelala chali, kichwa kimeinuliwa kidogo, macho yamefungwa, na kama anasikia mwambie aelekeze macho mbele kana kwamba anatazama dari. Probu ni ile bapa ya kupimia mishipa na tezi, megahezi 7.5 kwenda juu. Jeli nyingi juu ya kope, nyingi kweli. Kiganja chako kinaegemea kwenye nyusi au shavu la mgonjwa, probu inaelea juu ya jeli.

Kwenye skrini jicho ni duara jeusi, lenzi iko juu, retina ni ukingo mweupe chini. Nyuma yake kuna mafuta ya tundu la jicho, yanang'aa kijivu cheupe, na katikati ya mafuta unashuka mstari mweusi. Huo ndio neva na ala yake. Teremka milimita 3 nyuma ya retina, kwa kufuata neva. Hapo kata kushoto kwenda kulia kwa pembe mraba na neva. Milimita 3 haikuchaguliwa kwa bahati: sehemu hiyo ya ala, karibu na jicho, ndiyo inayotanuka zaidi maji yakizidi.

Kabla hujapima ala, pima jicho lenyewe toka mbele hadi nyuma. La mtu mzima ni kama milimita 24. Likisoma 33, usimtazame mgonjwa, itazame mashine: huenda mtu alibadilisha probu bila kubadilisha mpangilio, au unapima kwenye picha iliyopigwa na simu kisha ikakuzwa. Kipimo hiki kidogo cha jicho kimeniokoa mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Skrini ni ukungu mtupu

Hapa hakuna maajabu. Hewa imo kati ya probu na ngozi. Ongeza jeli. Kama umebandika plasta angavu ya kanula juu ya kope ili jeli isiingie jichoni, angalia vipovu vya hewa vilivyonaswa chini yake. Ibandue, ibandike upya toka pembeni ya pua kwenda nje. Kope bandia nazo hunasa hewa, na siku za Jumamosi baada ya harusi utakutana nazo sana. Kina kiweke sentimita 4 hadi 6. Ukiacha sentimita 15 za tumbo, jicho litakuwa punje juu ya skrini. Mwanga wa picha ukizidi, mafuta na ala vinakuwa rangi moja. Ukipungua, kila kitu nyuma ya retina kinakuwa usiku. Rekebisha mpaka duara la jicho liwe jeusi safi na mafuta ya nyuma yawe meupe.

Jicho naliona, neva siioni

Neva haitoki katikati ya jicho. Inatokea upande wa pua, na kurudi nyuma ikielekea ndani kuelekea katikati ya kichwa. Ukiweka probu katikati na kuisimamisha wima, unaikosa au unaikata mshazari. Sogeza probu kidogo upande wa sikio, kisha uielekeze taratibu upande wa pua na chini kidogo. Kwa taratibu nina maana ya kutikisa kifundo cha mkono, siyo kusogeza mkono mzima. Mgonjwa aliyezimia macho yake mara nyingine yanatazama pembeni. Basi neva nayo inahama, na wewe uifuate.

Macho yote mawili yanasoma 6 na zaidi

Hapa ndipo penyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, kituo fulani nilichokuwa nikifanya kazi, aliletwa kijana aliyeanguka toka kwenye mparachichi. Aliongea ovyo kidogo, alikuwa ametapika mara moja. Nilipima macho yote: 6.3 kulia, 6.4 kushoto. Nikajawa na fahari ya mtu aliyegundua kitu. Tabibu akaandika rufaa, mafuta ya gari yakachangwa na ndugu usiku ule ule, baba yake akauza kwa simu ndama ambaye hakuwa na haja ya kumwuza. Kule alikopelekwa mpimaji mwenye mvi akarudia: 4.6 na 4.5. CT skani ikawa safi. Kijana alikuwa na mtikisiko wa kawaida wa kichwa, akarudi nyumbani siku ya pili. Mzee yule alinipigia baadaye, akaniomba nimtumie picha zangu. Akazitazama, akasema neno moja: "Kivuli."

Nilikuwa nimepima kivuli.

Mawimbi yanapopita kwenye kitu kigumu au kilichopinda, nyuma yake hubaki weusi. Lenzi ina kingo zinazofanya hivyo, na pale neva inapotokea jichoni pana wavu mgumu wa nyuzi ambao nao hutupa kivuli moja kwa moja chini. Kivuli hicho ni cheusi, kimenyooka, kina kingo zilizokatwa kama kwa wembe, na kipo mahali pale pale unapotarajia neva. Mtu aliyechoka hawezi kuomba mtego mzuri zaidi.

Namna ya kuvitofautisha. Tikisa probu kidogo: kivuli kinahama pamoja na mwelekeo wa mawimbi, kama kivuli cha mtu anayetembea na taa, neva inabaki ilipo, wewe ndiye unayeikaribia au kuiacha. Kivuli kinashuka wima kutoka juu ya skrini. Neva mara nyingi inapinda kidogo au inalala upande. Ndani ya kivuli hamna kitu, weusi tupu. Ndani ya neva iliyopigwa vizuri kuna tabaka: neva yenyewe katikati ni nyeusi kiasi, pembeni kuna utepe mwembamba mweupe zaidi kila upande, kisha ukingo wa ala, kisha mafuta yanayong'aa. Kama huoni tabaka hata moja, huna cha kupima bado.

Ukibaki na wasiwasi, washa Dopla ya rangi, inayoonyesha damu inavyotembea, kwa nguvu ndogo, kwa sekunde chache tu. Ateri ya retina hupenya ndani ya neva kama sentimita moja nyuma ya jicho na kuja mbele ikiwa katikati yake. Ukiona kauzi kekundu na ka buluu katikati ya mstari mweusi, uko kwenye neva. Kauzi kakiwa pembeni ya ule weusi, weusi huo ni kivuli. Zima Dopla, rudi kwenye picha ya kawaida, pima.

Kuna sababu nyingine ya macho yote kusoma unene wa uongo: alama za kupimia kuwekwa nje ya ala, ndani ya mafuta. Mwanga wa picha ukizidi, kingo nyeupe zinavimba na mtu anazifuata. Alama zikae kwenye ukingo wa nje wa ala, pale weusi na mafuta yanapokutana, na pande zote mbili ziwe kwenye tabaka moja. Kulia ukiweka nje ya ala na kushoto ndani yake, umepima kitu ambacho hakipo mwilini.

Ukipita vichujio vyote hivi na bado inasoma 6, sasa mwamini mgonjwa wako. Inua kichwa digrii 30, shingo inyooke, kola ya shingo au kamba ya mpira wa kupumulia isibane mishipa ya shingoni, na piga simu.

Kila nikirudia napata namba nyingine

Kata ndizi ya mshale kwa kisu kilichosimama wima, utapata kipande cha duara. Ikate mshazari, kipande kinakuwa kirefu, na ndizi ni ile ile. Neva nayo ni hivyo. Wengi tunakata kwa kufuata ukingo wa skrini, wakati neva imelala upande. Chora kwanza mstari wa milimita 3 ukifuata neva, kisha mstari wa upana uwe msalaba na huo wa kwanza, hata kama kwenye skrini utaonekana umepinda.

Sababu ya pili ni ile milimita 3 yenyewe. Ala ni nene zaidi karibu na jicho na inapungua kadiri unavyorudi nyuma. Ukipima mara moja milimita 2 na mara ya pili milimita 5, namba hazitafanana na wala hazipaswi kufanana.

Baina ya wapimaji wawili wazuri, tofauti ya 0.2 au 0.3 ni ya kawaida. Kwa hiyo pima kila jicho mara mbili, ikiwezekana mara moja probu ikiwa imelala na mara moja ikiwa imesimama, kisha chukua wastani. Vipimo viwili vya jicho moja vikipishana kwa zaidi ya nusu milimita, usichukue wastani wa makosa. Futa, weka jeli, anza upya. Na ukiona mtu ameandika 5.37, ujue mashine imemdanganya kwa ustaarabu. Desimali moja inatosha.

Jicho moja nene, jingine la kawaida

Shinikizo la fuvu kwa kawaida hujaza ala zote mbili. Upande mmoja peke yake ukivimba, fikiria ugonjwa wa jicho hilo au wa tundu lake: uvimbe wa neva unaotokana na mwasho, ambao mgonjwa atakwambia jicho linauma akilizungusha na rangi zimefifia, uvimbe wa utando wa neva, macho yaliyotoka nje kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, ingawa huo hupenda macho yote, au damu nyuma ya jicho baada ya ajali. Kuna jaribio la kumwambia mgonjwa atazame pembeni digrii 30: ala iliyojaa maji huwa inapungua unene, iliyovimba kwa nyama inabaki. Si la kukatia shauri, na kwa mgonjwa asiyeelewa amri halifanyiki.

Pia angalia kichwa cha neva pale kinapoingia jichoni. Kikiinuka ndani ya jicho kama kifuniko cha soda, shinikizo limekuwepo kwa muda. Kuinuka huko kunachukua saa hadi siku, wakati ala huweza kutanuka ndani ya dakika. Ukiona pale pana punje nyeupe kali yenye kivuli nyuma yake, huenda ni chembe za chokaa ambazo watu wengine wanazo bila madhara makubwa, na zinamfanya mtu wa macho aone neva iliyovimba wakati haijavimba.

Ala ni ya kawaida, mgonjwa anazidi kuzama

Usithubutu kumwambia daktari "kichwa kiko sawa". Damu inaweza kubana upande mmoja wa ubongo na kuusukuma kabla ala haijajibu. Kwa wengine, njia ya maji kufika kwenye ala ni nyembamba au imeziba, na mfongo hauwezi kujaza mfereji ambao maji hayafiki. Mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, presha inapanda huku mapigo yakishuka na pumzi inakuja hovyo hovyo: hizo zina uzito kuliko namba yoyote niliyowahi kuiandika. Na kabla ya yote hayo, mmepima sukari? Nimeitwa usiku kupima jicho la mzee aliyekuwa na sukari ya chini. Nesi alichoma kidole chake mimi nikiwa bado natafuta soketi ya umeme. Kufika kwangu na probu, mzee amekaa kitandani anauliza viatu vyake viko wapi.

Ala ni nene, mgonjwa anacheka

Kuna makundi kadhaa hapa, na yanatofautiana sana.

Wa kwanza ni aliyekwisha kupita kwenye shinikizo. Ala iliyotanuliwa muda mrefu haina lazima ya kurudi ilivyokuwa, kama mpira wa chupi ya zamani. Muulize kuhusu ajali au upasuaji wa kichwa, au homa ya uti wa mgongo.

Wa pili ni mwenye kichwa kinachouma kwa wiki tatu, anatembea mwenyewe, anaishi na VVU na aliacha dawa. Huyu mwogope. Fangasi ya kriptokokasi kwenye utando wa ubongo hupandisha shinikizo polepole, na mtu huonekana mzima mpaka siku anapopoteza kuona. Kwake ala nene ni sababu ya kuharakisha kipimo cha damu cha fangasi hiyo na kutoa maji ya mgongo, kama hana dalili ya upande mmoja wa mwili inayohitaji CT skani kwanza. Yakitoka na shinikizo la sentimita 25 za maji au zaidi, kuyapunguza ni sehemu ya tiba yenyewe, mpaka yawe chini ya 20 au nusu ya yalivyoanza, na kurudia kama yatapanda tena. Ndugu wengi huku wanaamini kutolewa maji mgongoni ndiko kunakoua. Kaa nao, waeleze kwamba maji hayo ndiyo yanayombana, watulie ndipo sindano iandaliwe.

Wa tatu ni mwanamke kijana mnene kiasi, kichwa kinauma asubuhi, anaona giza akiinama kufunga viatu, masikioni anasikia mapigo yake mwenyewe. Shinikizo la maji linaweza kupanda bila uvimbe wowote kwenye ubongo. Hana haraka ya dakika, ana haraka ya wiki, kwa sababu uoni ukienda haurudi kirahisi.

Wa nne anatoka mlimani. Sisi wa chini ya Kilimanjaro tunaletewa wapanda mlima kutoka njia ya Marangu na Machame, na mwongozaji huja na hofu usoni. Kwenye mita 5,895 mwili hauna raha, na tafiti zilizofanywa kwenye milima ya Himalaya zimeona ala za wapandaji zikitanuka, ila hazikubaliani ni kiasi gani unene huo unaeleza nani ataugua. Kwa mpanda mlima anayeyumba kama mlevi na kusema ovyo, tiba ni kushuka, oksijeni na deksamethasoni (dawa ya kupunguza uvimbe), na imepaswa kuanza kabla hajafika kwako. Ukipima ukakuta 5.8 kwa mgeni aliyekwisha kushushwa na sasa anaomba chai, andika, mwangalie, usimfanye maonyesho. Mwongozaji, akiuliza "kaka, atapona?", anastahili jibu lile lile ambalo ungempa mama yake mgonjwa.

Mtoto

Namba za watu wazima hazimfai. Chini ya mwaka mmoja, zaidi ya milimita 4 ni ya kutilia shaka. Kuanzia mwaka mmoja hadi miaka 15, zaidi ya 4.5. Mtoto ambaye utosi haujafunga, gusa utosi kwanza, kidole chako hakihitaji umeme. Kwa malaria kali ya kichwani kipimo hiki kimechunguzwa. Blantyre, Malawi, walichapisha mwaka 2008 kazi juu ya watoto wa Kiafrika na unene wa ala. Lakini artesuneti ya sindano, dawa ya malaria kali, haisubiri altrasaundi.

Mtoto akilia na kufinya macho, usishindane naye. Mpe mama amnyonyeshe, rudi akisinzia.

Dawa imeingia, ala haijashuka

Baada ya manitoli au chumvi kali, dawa za mshipani za kushusha shinikizo la kichwani, au maji ya mgongo kutolewa, wengine ala yao hupungua mara, wengine haisogei saa nzima ingawa mgonjwa amefumbua macho. Nadhani hapa tunakidai kipimo kisichokiweza. Kinafaa kufuatilia mwelekeo kama ni mpimaji yule yule, mashine ile ile, na picha zimehifadhiwa. Hakifai kupangia dozi ijayo.

Mpaka ni upi hasa?

Wajerumani Helmke na Hansen walichapisha mwaka 1996 kazi zilizoweka msingi wa kipimo hiki, na tangu hapo kila hospitali imekuja na mpaka wake, kuanzia chini kidogo ya 5 hadi 6. Sababu ni zile zile tulizozipitia: wapi alama zinawekwa, mashine gani, watu gani. Mimi kwa mtu mzima nafanya hivi: chini ya 5 napumua, juu ya 6 iliyokaguliwa nanyanyua simu, na katikati namtazama mgonjwa zaidi kuliko skrini, kisha narudia baada ya saa moja au mbili. Kwenye ripoti siandiki "shinikizo la kichwa limepanda". Naandika hivi: "Ala ya neva kulia 5.7, kushoto 5.6, milimita 3 nyuma ya retina, wastani wa vipimo viwili kila jicho. Kichwa cha neva hakijainuka. Jicho toka mbele hadi nyuma milimita 24. Picha nzuri, ateri imeonekana." Anayepokea rufaa akisoma hivyo anajua mimi nilikuwa nani usiku ule.

Mkono unafundishika. Kwa anayeanza, vipimo kama 25 chini ya macho ya mtu anayejua ndivyo vinavyotajwa mara nyingi, na vingine viwe vya wagonjwa wenye ala nene kweli. Vinavyobaki fanyeni nyinyi kwa nyinyi, saa tisa za usiku wodi ikitulia, chai ya tangawizi ikiwa jikoni. Ndivyo tulivyofanya sisi, na ndivyo nilivyogundua kwamba yangu ni 5.2 kulia na 5.1 kushoto, mzima wa afya, sijawahi kuumwa kichwa zaidi ya mafua. Nimeziandika nyuma ya kadi yangu ya bima kwa kalamu isiyofutika, ili nikiokotwa siku moja barabarani pale Kiborloni, kijana wa zamu asinichangishie ndugu zangu mafuta ya gari bure.